Bi Harusi, Kabla ya Gauni Uliza Viza



Sisi ni mafundi wa magauni ya harusi. Duka letu liko Mbagala, wilayani Temeke, na wenzetu tunaoshirikiana nao kazi wako Mwananyamala, Kinondoni. Tulimaliza sekondari, tukaenda kusoma ushonaji, tukaanza na cherehani moja. Hatukusomea sheria. Lakini kazi hii inatuingiza ndani ya nyumba za watu siku zile mambo makubwa yanapoamuliwa. Tunasikia yanayosemwa, na tunaona yanayosahaulika.

Ikifika Shaabani, na tena Mfungo Mosi, hatulali. Bi harusi wa kisiwani anatutumia picha kwa WhatsApp, kisha anavuka na boti ya asubuhi kuja kupimwa. Anafuatana na mama yake, shangazi zake na somo yake. Wote wana maneno. Lesi imenunuliwa duka gani Kariakoo? Bitana itaonyesha mwili? Shela itafunika kifua? Shanga ziwe nyeupe au za dhahabu? Mwili tunaupima mara tatu kabla ya kugusa mkasi, na hapo bado shangazi anataka tupime mara ya nne.

Siku hizi wengi wa mabibi harusi hao hawahamii Mwanakwerekwe wala Tandika. Wanakwenda Uingereza. Fungate ni wiki moja, halafu bwana harusi anarudi kazini kwake na bi harusi anabaki kwao akingoja karatasi. Tukimuuliza, "Mwenzetu, unakwenda kwa viza gani?" anatujibu, "Mume anajua." Tukimgeukia mama yake, naye anasema, "Hayo ya wanaume." Na mshenga akiulizwa anacheka.

Jawabu hilo la "mume anajua" ndilo lililotufanya tuandike leo. Tutasema bila kuremba, na atakayeudhika atusamehe.

Uongo tunaoambiana

Huku kwetu kuna hadithi moja haifi. Ukifika Uingereza, wanasema, serikali inakupa nyumba, inakupa pesa kila wiki, ukizaa inakuongezea. Wazee wetu bado wanaziita pesa za Malkia, na Malkia mwenyewe keshafariki tangu 2022. Kwa hadithi hiyo mzazi anamwoza binti yake kwa moyo mweupe: hata kama mume si mtu wa maana, serikali ya kule itamtazama mtoto wetu.

Dada zetu, serikali ya kule haitamtazama. Mke anayeingia Uingereza kwa viza ya ndoa anawekewa sharti kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma. Kwa miaka mingi maneno hayo, No public funds, yalichapishwa kwenye viza yenyewe na kwenye kadi ya ukaazi. Yanatokana na sheria ya uhamiaji ya nchi ile ya mwaka 1999. Maana yake ni kwamba posho ya wasio na kipato, ile inayoitwa Universal Credit, si yake. Msaada wa kodi ya nyumba si wake. Nyumba ya baraza la mji si yake. Posho ya mtoto hawezi kuiomba kwa jina lake, hata kama yeye ndiye aliyebeba mimba na yeye ndiye anayekesha.

Na hilo si la miezi miwili. Viza ya kwanza kwa anayeomba akiwa huku ni miezi 33. Ikiisha analipia nyingine ya miezi 30. Baada ya miaka 5 ndipo anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, akiwa amefaulu mtihani wa Kiingereza na mtihani wa maisha ya Uingereza. Kwa hiyo binti wa miaka 23 tunayemvalisha shela leo atafika miaka 28 kabla hajawa na haki yake mwenyewe mbele ya serikali ile. Miaka yote hiyo, mlango wake ni mmoja tu, nao ni mume.

Tusiwe waongo upande wa pili pia, maana yapo anayoruhusiwa na wengi hawayajui. Anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Hospitali za NHS anatibiwa, kwa sababu ada ya afya imelipwa kabla hajapanda ndege. Watoto wanasoma shule za serikali. Na akifanya kazi akachangia bima ya taifa, akipata mimba anaweza kupata malipo ya uzazi, maana hayo yanatokana na kazi na hayahesabiwi kuwa fedha za umma. Kwa hiyo mume anayemwambia mkewe kuwa viza yake haimruhusu kufanya kazi, anamdanganya.

Si bure hata kidogo

Kuna wengine wanaosema kinyume, na hawa wako Uingereza. Wanasema wageni wamefuata vya bure. Tuwafanyie hesabu, sisi ambao kila siku tunahesabu mita za vitambaa.

Kwanza mume lazima aonyeshe kipato. Tangu 2012 kiwango kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000. Kisha maombi ya viza, kwa ada za mwaka 2025, ni pauni 1,938. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, na inalipwa yote kwa mkupuo kabla ya safari, kwa hiyo viza ya kwanza inadai pauni 3,105 za afya peke yake. Ikija viza ya pili unalipa tena maombi na afya. Ikija ya ukaazi wa kudumu ni pauni 3,029. Ukijumlisha yote inakaribia pauni 12,000, na hapo hujamlipa mwanasheria wala hujalipia mitihani. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi milioni 35. Kwa fundi wa Mbagala hizo ni cherehani ngapi? Ni duka zima.

Na juu ya hayo mke akifanya kazi anakatwa kodi kama mwenyeji. Wengi wa dada zetu tunaowajua kule wanalea wazee wa watu kwenye nyumba za wazee, wanasafisha ofisi alfajiri, wanapika shuleni. Mshahara wao unakatwa ukiwa bado haujawafikia mkononi. Pensheni ya serikali kule inataka uwe umechangia angalau miaka 10 ndipo upate chochote, na miaka 35 ili upate yote. Kitu ulichokichangia miaka yote hiyo unakiitaje msaada?

Hata lugha yetu inatudhulumu hapa. Tunasema fulani "anakula misaada", kama mtu aliyesimama mlangoni pa msikiti Ijumaa na bakuli. Mwanamke aliyekaa miaka, akalipa, akachangia, halafu akaugua au akaachwa, akienda kudai anadai chake. Asionewe haya na ndugu zake wa Unguja, wala asitukanwe na wanasiasa wa huko.

Aliyerudi na begi moja

Sasa tuseme lile lililotuuma.

Yupo bi harusi tuliyemshonea sisi wenyewe. Gauni la rangi ya maziwa, mikono mirefu, mkia wa mita mbili. Alitoka Unguja, harusi ikafanywa Temeke kwa mjomba wake. Bwana harusi alikuwa raia wa Uingereza, kijana wa ukoo tunaoufahamu. Kila mtu alisema binti ana bahati.

Mwaka wa kwanza alikuwa akitutumia picha. Mwaka wa pili picha zikakoma. Baadaye tukasikia wanakuja likizo, yeye na mume na mtoto. Wakaja kweli. Baada ya siku kumi mume akaondoka peke yake, na pasi ya kusafiria ya mkewe akaondoka nayo. Akamwandikia ujumbe mfupi kwamba asisumbuke kurudi.

Alikuja dukani kwetu na begi moja, mtoto mgongoni. Hakuja kushona. Alikuja kwa sababu kwao alikuwa akiulizwa kila siku kosa lake ni nini. Mtoto yule ni raia wa Uingereza, kwa sababu baba yake ni raia. Mama yake, aliyemzaa kule na kumnyonyesha kule, alikuwa hana hata namba ya simu ya kupiga. Tulimuuliza kuhusu viza yake. Akasema, "Barua pepe ya viza alifungua yeye. Neno la siri analo yeye."

Hatukujua la kumwambia. Tulimpa chai, tukamsikiliza. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo, kwa sababu lilikuwapo la kumwambia. Sheria ya Uingereza inamlinda mke wa raia, au wa mwenye ukaazi wa kudumu, ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya kuteswa. Akiwa bado kule anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 yenye haki ya kutumia fedha za umma, apate pa kulala na pa kula, na ndani ya muda huo aombe ukaazi wa kudumu kwa jina lake bila kumtegemea mume. Na tangu 31 Januari 2024, mke aliyetelekezwa nje ya nchi na mume, kama alivyofanyiwa huyu wetu, anaweza kupeleka ombi hilo akiwa nje, hata akiwa Mbagala. Kuteswa kwenyewe si kupigwa tu. Kunyimwa pesa, kunyang'anywa pasi, kufungiwa ndani, kutishiwa kurudishwa kwenu, yote yanahesabika.

Tuliyajua haya miezi mingi baadaye, kwa kuambiwa na mteja mwingine anayeishi London. Kule zipo jumuiya za wanawake zinazosaidia kesi hizi, kama Southall Black Sisters, waliopo tangu 1979, na Muslim Women's Network, ambao ni Waislamu wenzetu. Sasa ombi lake limepelekwa. Hatujui litajibiwa vipi. Kwa sasa anakaa nasi, anatia shanga kwenye magauni ya mabibi harusi wengine, na mkono wake ni mwepesi mashallah.

Jueni pia kwamba njia ile ya ukaazi haikuwekwa kwa kila mke. Mume akiwa mwanafunzi, au yuko kule kwa viza ya kazi ya muda, mkewe haipati. Ndiyo maana tunasema kuuliza "una viza gani" hakutoshi. Unamuuliza na yeye mwenyewe yuko kule kwa hadhi gani.

Dini haikusema "mume anajua"

Tukiyasema haya, wapo wanaotuambia tunawafundisha wanawake ujeuri. Mke, wanasema, anamtegemea mumewe, nafaqa ni juu ya mume, huo ndio Uislamu.

Ndiyo, nafaqa ni juu ya mume. Chakula, mavazi, makazi, ni haki ya mke hata kama ana duka lake, na mali yake ni yake. Lakini haki bila ushahidi inapotea, na Mwenyezi Mungu anajua viumbe wake. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani iko Sura ya al-Baqara, na inahusu watu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Deni tu. Kama pesa ya kukopeshana inataka kalamu na mashahidi, je, maisha ya binti anayevushwa bahari yanatosha kwa maneno ya mshenga?

Nikah yenyewe ni mkataba. Mke ana haki ya kuweka masharti yasiyopingana na dini, na mume akikubali yanamfunga. Mama zetu waliweka sharti la kutohamishwa mji bila ridhaa. Sisi tunashindwa kuweka sharti la pasi kukaa mkononi mwa mwenyewe?

Mahari tunayajadili usiku mzima. Kitanda, kabati, sofa, seti ya dhahabu, kilemba cha baba, mkaja wa mama. Tumewahi kuona posa inarudishwa kwa sababu ya friji. Hatujawahi hata siku moja kuona posa inarudishwa kwa sababu bwana harusi ameshindwa kuonyesha karatasi za uhamiaji. Friji unaweza kununua mwenyewe kwa kupokea kijumbe. Miaka 5 ya maisha yako hakuna kijumbe kitakachokurudishia.

Na wale wanaokubali kufunga nikah kulekule Uingereza, sebuleni kwa mtu, bila kuisajili kwa sheria ya nchi, wajue jambo hili. Februari 2020 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua juu ya wanandoa waliofunga nikah London bila ndoa ya serikali, kwamba sherehe ile haikuwa ndoa mbele ya sheria. Mbele ya Mwenyezi Mungu ni mke, lakini siku ya kugawana nyumba mahakama ya kule haimtambui hivyo. Nikah iliyofungwa huku na kusajiliwa, ikawa na cheti, inatambuliwa kule. Kwa hiyo cheti hicho ni sehemu ya vazi la bi harusi. Msiache kikabatini kwa mjomba.

Waliokwisha kukaa nao wanasogezewa mlango

Huenda kuna anayesoma akasema, sawa, nitavumilia miaka 5, nikipata ukaazi wa kudumu nitapumua. Mpaka sasa ndivyo ilivyokuwa: ukaazi wa kudumu unaliondoa lile sharti, na mwanamke akipatwa na shida anaweza kudai kama wenzake.

Lakini Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitoa mapendekezo mapya. Moja ni kwamba hata mwenye ukaazi wa kudumu asipate mafao mpaka awe raia kamili. Lingine ni kwamba mhamiaji aliyewahi kutumia mafao angojee miaka mingi zaidi kabla ya kupewa ukaazi. Ni mapendekezo, lakini yanaonyesha upepo unavuma kutoka wapi.

Tazameni linavyomgusa Mtanzania. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukijitafutia wa huko, wa kwetu unaupoteza. Kwa hiyo dada yetu aliyekaa kule miaka 12 ataambiwa: ukitaka mkate siku ya njaa, rudisha pasi ya Tanzania. Na kiwanja chake cha Chamazi alichokinunua kidogo kidogo kwa mshahara wa kulea wazee? Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimwekea asiye raia mipaka ya kumiliki ardhi bara. Hadhi maalumu ya diaspora inaweza kumpunguzia mzigo, lakini hadhi si uraia. Anasukumwa achague kati ya kaburi la mama yake na posho ya mtoto wake.

Sisi tunasema hilo si haki, na hatusemi kwa sababu ni ndugu zetu tu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alimkuta mzee wa Kiyahudi akiombaomba. Alipojua kwamba uzee na kodi ndivyo vilivyomfikisha pale, alimsamehe kodi na akaamuru apewe matumizi kutoka Baitul Mal. Hoja yake ilikuwa kwamba si uadilifu kuchukua kwa mtu akiwa na nguvu kisha kumtupa akichoka. Mzee yule hakuwa Muislamu. Alikuwa mkaazi aliyelipa, na hiyo ilitosha.

Tena kabla hatujawanyooshea kidole Waingereza, tujitazame. Halmashauri zetu, Temeke na Kinondoni zikiwemo, hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema na limeinua wengi. Lakini sharti ni uraia. Tuna mwenzetu mshonaji aliyetoka Ngazija, anaishi Tandika kwa kibali, analipa leseni na kodi kama sisi. Tulipounda kikundi ilibidi aachwe nje, na sisi wenyewe tulikaa kimya, tukachukua fomu zetu. Usiku ule hatukufurahi. Tulimwingiza kwenye kijumbe chetu akawa wa kwanza kupokea, lakini tunajua hiyo haikuwa sawa na haki. Anayedai haki ya mgeni wa London aanze kwa jirani wa Tandika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukata kitambaa

Tumekubaliana dukani kwetu. Bi harusi yeyote anayekwenda nje, siku ya kwanza ya kupimwa tunampa karatasi ya maswali aende nayo nyumbani. Hatumlazimishi. Tunampa tu, pamoja na risiti. Nanyi tunawapa.

Moja. Bwana harusi ni raia, ana ukaazi wa kudumu, au yuko kwa viza ya muda? Baba au walii aione karatasi kwa macho yake.

Mbili. Unakwenda kwa viza gani? Viza ya kutembelea si viza ya mke, na kwa kawaida huwezi kuigeuza ukiwa kule. Viza ya mchumba ni miezi 6 na haikuruhusu kufanya kazi.

Tatu. Kipato chake kinafika kiwango? Asiyeweza kuonyesha pauni 29,000 leo atakuweka kwenu miaka mingapi ukisubiri?

Nne. Nani atalipia viza ya pili na ya ukaazi? Iandikwe. Tunawajua wanawake walioachwa viza ikaisha, halafu wakatishwa kwa kosa lisilo lao.

Tano. Barua pepe ya maombi iwe yako, na neno la siri ulijue wewe. Kadi za ukaazi ziliondolewa mwisho wa 2024, hadhi yako sasa iko mtandaoni. Mwenye neno la siri ndiye mwenye ufunguo wa nyumba yako.

Sita. Pasi yako utaiweka wewe. Piga picha kila ukurasa, mtumie mama au dada.

Saba. Cheti cha ndoa kimesajiliwa, na nakala imebaki kwenu?

Mume mwema hatakasirika kwa maswali haya. Wapo waliotuletea majibu siku ya pili, na mmoja alimshukuru mkwewe kwa kumuuliza, kwa sababu dada yake mwenyewe aliyapata mateso hayo. Anayekasirika, amekusaidia kumjua mapema.

Na nyinyi mama zetu, msituambie tena hayo ni ya wanaume. Nyinyi ndio mnaojua kama bitana inaonyesha. Tazameni na hili kwa macho yaleyale.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mabibi harusi wetu waume wenye kumcha Yeye, awafungulie mlango dada zetu walio ugenini, na amrudishie haki yake huyu anayetia shanga pembeni yetu tunapoandika maneno haya. Mkimkumbuka katika sala zenu mtakuwa mmetusaidia.

Wabillahi tawfiq.